BOMA LA BIHARAMULO NI LA NANI? TUCHANGE WENYEWE, TUSEME WENYEWE

Ndugu wananchi wa Biharamulo na Ngara, swali la leo ni fupi. Boma la Biharamulo ni la nani?

Mwulize mtoto wa shule, atakujibu kwamba ni la Wajerumani. Mwulize mpita njia, atakujibu kwamba ni nyumba ya kulala wageni, maana limewahi kutumiwa hivyo. Mwulize mtu wa ofisini, atakujibu kwamba ni mali ya Serikali na kwamba shauri lake linashughulikiwa. Hutampata hata mmoja atakayekujibu: Ni langu. Hapo ndipo ulipo ugonjwa wetu, na ugonjwa huu hautibiwi na mganga kutoka nje.

Boma lile lilijengwa kati ya mwaka 1902 na 1905. Ni kweli kwamba amri ilitoka kwa Mjerumani. Lakini Wajerumani wachache waliokuwapo katika nchi ya Rusubi hawakubeba mawe kwa vichwa vyao. Hawakukata miti, hawakuteka maji, hawakukandika kuta. Kazi hiyo ilifanywa na mababu zetu, na hakuna ubao hata mmoja unaowataja. Mwenye kiboko anakumbukwa kuwa ndiye mjenzi, na mwenye jasho amesahauliwa. Tukiendelea kuliita "boma la Mjerumani", tunamlipa mkoloni mshahara wa kazi ambayo hakuifanya.

Nasema hivi: Boma la Biharamulo liwe nyumba ya makumbusho ya watu wa wilaya hizi mbili. Lijazwe vitu vyetu na maneno yetu. Fedha ya kuanzia itoke mifukoni mwetu, na kazi ya kuanzia itoke mikononi mwetu. Najua wako watakaopinga. Tuwasikilize mmoja mmoja, tuwajibu.

WA KWANZA: "LIACHWE LIANGUKE"

Huyu husema kwamba boma ni alama ya utumwa, na mtu huru hatunzi pingu alizofungwa. Maneno haya yana utamu, na vijana wenzangu wengi huyapigia makofi. Lakini yafikirini vizuri. Boma ni shahidi. Ndani ya maboma kama hayo mababu zetu walidaiwa kodi ya nyumba, wakapigwa viboko, wakaandikwa kuwa wapagazi wa vita isiyowahusu. Mwaka 1916 majeshi ya Wabeligiji yalipokuja na kuiteka Biharamulo, watu wetu hawakupata uhuru. Walibadilishiwa bwana tu, kisha wakabadilishiwa tena akaja Mwingereza. Shahidi wa mambo hayo akianguka, anayefurahi ni nani? Mwizi ndiye apendaye shahidi afe.

Wenzetu wameelewa jambo hili zamani. Boma la Wajerumani la Arusha, lililojengwa mwaka 1900, ni makumbusho tangu 1987. Nyumba ya Kaloleni, palipozungumzwa Azimio la Arusha mwaka 1967, ilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1977. Nyumba ya Mwalimu ya Magomeni nayo inatunzwa, nayo ni nyumba ndogo tu ya mtu wa kawaida. Taifa lenye akili halichagui kukumbuka furaha peke yake. Linatunza nyumba ya ushindi, na linatunza nyumba ya maumivu, ili watoto wajue ushindi ulikuwa juu ya nini.

WA PILI: "TUINGOJE SERIKALI"

Huyu ni mtu mwema, lakini amekaa kitako. Sheria ya Mambo ya Kale tuliyoitunga mwaka 1964 inalinda yenyewe majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Jengo la baadaye hulindwa likitangazwa na Waziri. Boma letu limechelewa kuzaliwa kwa miaka karibu 40. Kwa hiyo halilindwi kwa uzee wake tu. Lazima pawepo watu wa kulisemea. Na Waziri hatasikia sauti ya watu walionyamaza.

Tena tusiwe watoto wa mama mmoja tunaosahau kwamba mama ana watoto wengine. Serikali ina magofu ya Kilwa, ina michoro ya Kondoa, ina Olduvai, ina Isimila, ina Bagamoyo, ina Ujiji. Kila mahali panadai paa, panadai mlinzi, panadai barabara. Katika mstari huo Biharamulo imesimama nyuma, na itaendelea kusimama nyuma mpaka ijitokeze yenyewe.

Sisemi kwamba Serikali isamehewe wajibu wake. La hasha! Kulitangaza boma ni kazi ya Serikali. Kuleta fundi anayejua kutengeneza ukuta wa kale bila kuuharibu kwa saruji ni kazi ya Serikali. Makumbusho ya Taifa kutupa mtaalamu wa kutufundisha namna ya kuhifadhi ngozi isiliwe na wadudu, ni haki yetu kuidai. Lakini anayedai huku ameshika jembe husikilizwa upesi kuliko anayedai huku ameshika tama.

WA TATU: "TUWANGOJE WAFADHILI"

Huyu ndiye ninayemwogopa zaidi, kwa sababu ana hoja na ana mifano. Atakuambia: Boma la Mikindani lilikuwa gofu, kikaja chama cha hisani cha Waingereza kiitwacho Trade Aid, kikalitengeneza likawa hoteli nzuri. Atakuambia: Boma la Iringa limekuwa makumbusho mwaka 2016 kwa msaada wa fedha za Ulaya. Ni kweli yote mawili, na kazi ile ni nzuri, wala sina neno la kuwatukana waliotoa.

Lakini nauliza: Waingereza waliojitolea kwa ajili ya Mikindani, walipewa nini ambacho sisi hatukupewa? Wana macho mawili na mikono miwili kama sisi. Waliuza vitu, wakachangishana, wakavuka bahari kwa ajili ya ukuta wa watu wengine. Sisi tunashindwa kuvuka barabara kwa ajili ya ukuta wetu! Aibu hiyo si yao, ni yetu.

Tena kuna jambo lililo zito kuliko aibu. Anayelipia nyumba ndiye anayeamua nini kisemwe ndani ya nyumba. Tazameni Marekani. Mwaka 1853 Ann Pamela Cunningham aliandikiwa barua na mama yake, aliyekuwa ameiona nyumba ya George Washington, iitwayo Mount Vernon, inaoza kando ya mto. Serikali ya nchi ile haikuinunua, wala jimbo lake halikuinunua. Akawaita akina mama wenzake kila jimbo. Wakachangisha dola 200,000, wakainunua. Mpaka leo chama chao ndicho kinachoitunza nyumba ile. Huo ni mfano mkubwa wa kujitolea, na akina mama wa Biharamulo na Ngara wausikie.

Lakini someni na upande wa pili wa sarafu. Nyumba ile ililimiwa, ilipikiwa na ilifuliwa na watumwa, watu wa damu yetu. Chama kile kiliweka jiwe la kuwakumbuka watumwa mwaka 1929, zaidi ya miaka 70 tangu fedha ya kwanza ichangwe. Kwa nini walichelewa hivyo? Kwa sababu watoto wa watumwa hawakuwa miongoni mwa wenye nyumba. Waliotoa fedha walipamba sebule ya bwana, na jiko la mtumwa likangoja.

Hili ndilo fundisho. Tukiletewa fedha yote kutoka nje, tutaletewa na maneno. Atakuja mtu mwema sana, atatundika picha ya kapteni Mjerumani mwenye masharubu, ataandika jina lake kwa herufi kubwa, na chini yake ataandika "wenyeji wakibeba mizigo". Wenyeji hao hawana majina? Wana majina! Wajukuu wao wako Nyakahura, wako Lusahunga, wako Runazi. Ni sisi tunaoweza kwenda kuwauliza.

Mfadhili akija baada ya sisi kuanza, karibu sana, atupe mkono. Akija kabla hatujaanza, atakuwa mwenye nyumba na sisi tutakuwa wapangaji.

WA NNE: "WATU NI MASKINI, NA MICHANGO HULIWA"

Hoja hii ina vipande viwili, tuvipasue.

Juu ya umaskini: ni kweli mkulima wa muhogo na maharage hana fedha nyingi. Lakini tusidanganyane, ndugu zangu. Kila mwezi tunakaa vikao vya harusi. Kadi za mchango zinagawiwa, mwenyekiti anachaguliwa, mweka hazina anapiga simu mchana na usiku, na fedha inapatikana: ya ukumbi, ya mapambo, ya muziki, ya keki inayoliwa kwa dakika kumi. Sikatazi harusi, nami nachangia. Nasema tu kwamba watu wanaojua kukusanya fedha ya siku moja hawawezi kusema hawajui kukusanya fedha ya nyumba itakayosimama miaka mia mingine.

Na historia yetu inatuhukumu. Mwaka 1955 wanachama wa TANU walichangia nauli ya Mwalimu Nyerere kwenda New York kutusemea mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Hawakuwa matajiri. Walikuwa wakulima, makuli, wauza samaki, akina mama wauza vitumbua. Wangengoja mfadhili, wangemngoja nani? Mwingereza alipie nauli ya mtu anayekwenda kumshitaki? Wazee wetu walijua kwamba kuna safari ambazo huwezi kumwomba mwingine akulipie, kwa sababu akikulipia ndiye atakayekupangia maneno ya kwenda kusema. Nyumba ya kumbukumbu ni safari ya namna hiyo.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kaya 1,000 katika wilaya mbili, kila kaya shilingi 1,000 kwa mwezi, ni shilingi milioni moja. Kwa mwaka ni shilingi milioni 12. Hazitoshi kujenga jengo jipya. Lakini jengo tunalo! Zinatosha kuzibua mifereji, kununua makabati ya kioo, kuandikisha mabango na kumlipa mlinzi kitu kidogo.

Juu ya wizi: hapa mpinzani wetu anasema kweli, na asiyekubali ni mwongo. Wananchi wamechangia mambo mengi wakaona madirisha hayaji na bati halionekani. Wamechoka. Kwa hiyo asiyetaka hesabu asije kuomba mchango. Daftari liwe moja, na liwe wazi kwa mtu yeyote anayejua kusoma. Kila shilingi iwe na stakabadhi. Fedha iingie benki, na itoke kwa sahihi za watu watatu, mmoja wao awe mwanamke na mmoja asiwe kiongozi wa chochote. Kila mwezi hesabu ibandikwe sokoni Biharamulo na sokoni Ngara, siyo ofisini nyuma ya mlango. Na kiongozi wa Chama, akiwemo mwandishi wa makala hii, asishike fedha hata senti moja. Kazi yetu ni kuita watu, siyo kuhesabu noti.

TUTAONYESHA NINI?

Wengine hudhani kwamba hatuna cha kuonyesha. Mawazo hayo ni kasumba iliyobaki kichwani. Haya, tuhesabu vyumba.

Chumba cha kwanza kiwe cha chuma. Katika mkoa huu wa Kagera watu walikuwa wakiyeyusha chuma takriban miaka 2,000 iliyopita; mambo hayo yalichimbuliwa kule Katuruka katika nchi ya Kihaya na kuandikwa katika majarida ya sayansi ya Marekani mwaka 1978. Huku kwetu na pande za Geita walikuwapo Warongo, mafundi wa tanuru na mivukuto, waliofua majembe yaliyolimia nchi na yaliyotolewa mahari. Jembe moja la Mrongo likiwekwa mezani, na pembeni nyundo ya jiwe na mvukuto, mtoto hatahitaji hotuba ya kumwambia kwamba babu yake alikuwa na akili.

Chumba cha pili kiwe cha njia ya misafara. Mwaka 1861 Mwingereza Speke alipita hapa akienda Karagwe. Katika kitabu chake anamlalamikia sana Suwarora, mtawala wa Usui, yaani Rusubi, kwa kumtoza hongo. Watoto wetu husoma kwamba Suwarora alikuwa mtu mwenye tamaa. Mimi nasema Suwarora alikuwa na forodha! Mgeni anayepita katika nchi ya watu na bunduki na bidhaa zake, halafu analia kwa kutozwa ushuru, huyo ndiye wa kuchekwa. Kitabu ni cha mgeni. Maelezo ya ukutani yawe yetu.

Chumba cha tatu kiwe cha boma lenyewe: kodi, kiboko, upagazi, vita vya 1914 mpaka 1918. Cha nne kiwe cha Uhuru. Kadi za zamani za TANU zimo ndani ya masanduku ya bati ya wazee wetu, pamoja na picha na barua. Kila mzee akizikwa, sanduku hufunguliwa na vijana wasiojua, na makaratasi hutumika kuwashia moto. Tunachelewa kwa kila msiba.

Na chumba cha tano kiwe cha mikono ya akina mama: vikapu, vibuyu, vyungu, mawe ya kusagia. Hivyo vina wanunuzi kutoka mbali wanaovichukua kwa bei ya chumvi. Sheria inalinda vitu vya asili vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1940, lakini sheria haina miguu ya kuzunguka vijijini. Miguu ni yetu. Vitu vingi vya nchi hii viko Berlin tangu enzi ya Mjerumani, na leo tunavidai. Tutavidaije vilivyo Berlin, ikiwa vilivyo uvunguni mwa kitanda tunaviuza?

NA NGARA JE?

Nimesikia mtu wa Ngara akiuliza: kwa nini nichangie nyumba ya Biharamulo? Swali halali. Bugufi haikutawaliwa kutoka Biharamulo tangu mwanzo. Wakati wa Wajerumani ilikuwa upande wa Urundi, na baada ya vita wakubwa wa Ulaya walikata mpaka, Bugufi ikabaki Tanganyika. Hawakumwuliza Mhangaza hata mmoja.

Kwa sababu hiyohiyo Ngara iwe na chumba chake, kisichopangwa na mtu wa Biharamulo. Ndani yake ziwemo ngoma za Kihangaza na habari za Washubi. Na iwemo habari ya mwaka 1994. Mwishoni mwa mwezi wa Aprili mwaka ule, kwa muda wa kama siku moja, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakikimbia kutoka Rwanda, wakatua Benaco. Dunia nzima ilikuja na kamera. Ilipiga picha za mahema, ikaondoka. Mkulima wa Ngara ambaye shamba lake lilikanyagwa, ambaye miti yake ilikatwa, na ambaye hata hivyo aligawa maji na muhogo, hakupigwa picha. Habari yake itakaa wapi isipokaa kwetu?

Wenzetu wa upande wa Bukoba wametuonyesha kwamba jambo linawezekana. Wazee wa kijiji cha Katuruka hawakungoja. Walijikusanya, wakajenga upya nyumba ya kiasili pale palipokuwa makao ya mfalme Rugomora Mahe, wakapafungua kwa wageni. Hawana dhahabu. Sisi ambao ardhi yetu ilitoa dhahabu ya Tulawaka tangu 2005, dhahabu iliyokwenda bila kuaga, tunasema hatuwezi?

LA KUFANYA

Kwanza, kila tawi la Chama, kila kikundi cha akina mama, kila msikiti, kila parokia na kila usharika utoe mjumbe mmoja wa kamati. Kamati hii isiwe ya Chama. Historia haina kadi.

Pili, kamati iende Halmashauri ikiwa na barua, iombe vyumba viwili tu vya kuanzia na siku mbili kwa juma. Hata kama boma litaendelea na kazi nyingine, vyumba viwili vinatosha kwa mwanzo. Barua ya pili iende kwa Waziri kuomba boma litangazwe. Na fedha isianze kukusanywa kabla ya idhini kutoka kwa maandishi.

Tatu, walimu wa shule za sekondari watume wanafunzi wakati wa likizo, kila mmoja akamwandike mzee mmoja: jina, ukoo, kijiji, na habari anayoikumbuka. Nimesomea ualimu, najua kwamba kazi hii haihitaji fedha. Inahitaji daftari, kalamu na adabu.

Nne, anayetoa kitu apewe stakabadhi yenye jina lake, na jina la ukoo wake liandikwe chini ya kitu hicho. Anayeazima bila kutoa aheshimiwe, na kitu chake kirudi siku aitakayo.

Tano, jiwe la kwanza la kuwekwa ukutani lisiwe la jina la mgeni rasmi. Liandikwe majina ya watu wa Rusubi waliolijenga boma, kadiri wajukuu watakavyoyakumbuka. Likibaki na nafasi tupu, nafasi hiyo iachwe, ili kila anayeingia aone tulivyochelewa.

Ndugu wananchi, uhuru wa bendera tuliupata mwaka 1961. Uhuru wa kusema sisi ni nani hautolewi na Umoja wa Mataifa wala hauletwi kwa ndege. Unanunuliwa kwa shilingi elfu moja, kwa stakabadhi, siku ya soko. Daftari lifunguliwe, nasi tujipange mstari.

UHURU NA KAZI!